Uliyemchukua haski chotara toka kituo cha kuokoa mbwa, tupeane uzoefu

#1 (mleta mada)
Wakuu salaam. Mi naingia mwezi wa nne na haski (wale mbwa wa Siberia wa kuvuta mizigo kwenye theluji) chotara niliyemchukua kituo cha kuokoa mbwa, jike, miaka 3 hivi, jicho moja la bluu lingine la kahawia. Mama haski, baba inasemekana German Shepherd ila hakuna anayejua kwa kweli, walikadiria kwa kuangalia masikio na mkia. Nilikuwa nimesoma habari zao zote nikajiona mtaalamu. Wiki ya kwanza mbwa kimyaaa, kalala kona, anakula, haja anaenda nje, nikawa natamba kwa watu kuwa nimeokota dhahabu. Wiki ya nne ndo mwenyewe akafika. Katafuna mguu wa kiti, kachimba shimo la kumzika mtu mzima, na saa 11 alfajiri anaanza kuimba, maana huyu kubweka ni nadra, yeye anaimba. Ukimwambia nyamaza anakujibu, tena kwa kulalamika, mnajibizana weee mpaka unashtuka kumbe unabishana na mbwa.

Kituoni waliniambia siku 3 za uoga, wiki 3 za kuzoea ratiba, miezi 3 ndo ajione yuko kwao. Nikadhani wananifariji tu. Sasa nyie ilikuwaje? Msinipambie, semeni ukweli.

#2
Wiki ya nne? Una bahati mkuu, wangu siku ya tano tu alikuwa juu ya meza. Nimeweka kambi hapa.

#3
Ngoja nikupe ya kwangu, ni ndefu kidogo. Dume, kilo kama 26, kabla yangu alisharudishwa kituoni mara mbili na kwenye karatasi yake wameandika "mchangamfu sana". Jamani mkiona hilo neno ulizeni maswali, ulizeni alirudishwa kwa nini, na aliyemrudisha alikuwa na fensi ya aina gani. Mi sikuuliza. Fensi yangu ya wavu ilikuwa inanifika kifuani nikaona inatosha. Siku ya tatu nimeingia ndani kunywa maji, natoka sioni mbwa, nikazunguka mtaa mzima naita kama kichaa, nikamkuta nyumba ya sita kalala chali mtu asiyemjua anamkuna tumbo. Nikapandisha fensi mita 1.8, akahamia chini, akachimba. Nikafukia wavu ardhini na kupanga mawe juu yake. Akasoma komeo la geti, analisukuma na pua linapanda. Nikafunga kufuli.

Sasa nikaja kugundua kitu, siku zote alizotoroka ni siku ambazo hakukimbia. Zote. Hakuwa ananikimbia mimi, alikuwa amechoka kukaa. Hawa ukoo wao ni mbwa wa Wachukchi, kabila la kule Siberia, wamezalishwa vizazi na vizazi kuvuta sleji, kile kigari cha kuteleza kisicho na magurudumu, kwenye theluji mwendo mrefu, halafu we unampa raundi moja ya nyumba unasema nimemtembeza. Na lile suala la kuvuta kamba nilipigana nalo miezi, nikaja kuelekezwa hivi: nunua mikanda miwili. Wa kifuani ni wa kazi, nafunga kamba kiunoni kwangu tunakimbia dakika 40 kabla jua halijachomoza, hapo avute anavyotaka. Wa shingoni ni wa kutembea, hapo akivuta nasimama kama mti mpaka kamba ilegee. Ilichukua miezi 2 hivi ila sasa akiona mkanda gani nimeshika anajua tunaenda kufanya nini. Kumwachia bila kamba sehemu ya wazi sijawahi na sitawahi, hata akiitika vipi nyumbani. Chipu ya utambulisho, ile daktari anaiweka chini ya ngozi, anayo na kibati chenye namba yangu ya simu shingoni, maana kibati jirani anakisoma hapohapo, chipu mpaka apelekwe kwenye mashine.

#4
Wenye paka nisikilizeni. Kituoni walimjaribu wangu na paka wao wakasema yuko sawa. Kumbe sawa maana yake paka aliyekaa. Paka akikimbia ni habari nyingine kabisa, macho yanabadilika, jina lake mwenyewe halisikii. Nimewatenganisha na kageti ka mlangoni wiki 7, wanalishwa huku na huku wananusana tu, na paka ana mashelfu ya juu ya kukimbilia. Leo wanalala chumba kimoja lakini nikitoka kila mtu na chumba chake, hapo sicheki na mtu. Kuku wawili wa jirani walishaenda, nililipa nikaomba radhi yakaisha.

#5
Mi wangu nilimrudisha. Najua mtanisema. Naishi peke yangu, natoka asubuhi narudi baada ya masaa 10, nikadhani nikimkimbiza asubuhi na jioni inatosha. Mbwa alikuwa hawezi kubaki peke yake kabisa, anakwaruza mlango mpaka kucha zinatoka damu, majirani wanasikia kilio mchana kutwa. Nilijaribu kumzoesha kidogo kidogo, dakika mbili, tano, kumi, ila kazini hawaelewi habari za dakika kumi. Wiki ya 9 nikampeleka. Nililia kwenye gari kwenda na kurudi.

#6
Kwa hiyo mbwa ni kiti, hakikufai unarudisha dukani? Ndo maana vituo vimejaa.

#1 (mleta mada)
Mkuu #6 punguza. Nimesema tuseme ukweli na yeye kausema. Mkataba niliosaini mimi unasema wazi ikishindikana mrudishe kwao, usimgawe wala kumtupa. Bora huyo kuliko yule anayefungua geti usiku makusudi.

#5
Asante. Alichukuliwa na familia yenye mbwa mwingine na mzee anashinda nyumbani. Walinitumia picha, wamelaliana.

#8
Mnaosema mnataka haski alinde nyumba, hahaha. Wangu mwizi akija atamwonyesha na chumba cha kulala. Anapenda kila binadamu. Hata huyo aliyechanganywa na German Shepherd usimtegemee sana, uchotara ni bahati nasibu, anaweza kuchukua sura ya ulinzi na akili ya ukarimu.

Swali langu ni manyoya. Nikizoa asubuhi jioni kuna mbwa mwingine sakafuni. Nina mpango wa kumnyoa wote kipindi cha joto, kuna aliyejaribu?

#9
USIMNYOE. Yana tabaka mbili, la juu linamkinga na jua, la ndani ndo lile pamba linanyonyoka kwa wingi kama mara mbili kwa mwaka. Ukinyoa ngozi inabaki wazi kwa jua na manyoya yanaweza kuota vibaya au yasirudi kama zamani. Mbrashi tu, kile kipindi kila siku, utajaza mifuko. Joto lishughulikie kwa kivuli, maji na kutoka mapema au jioni, weka kiganja kwenye lami sekunde chache, kikiungua wewe na yeye nyayo zinaungua. Nguo nyeusi sahau.

Jingine, mkiona magamba kuzunguka macho na mdomo msikimbilie kupaka mafuta, mpelekeni kwa daktari wa mifugo. Kuna shida ya ngozi ya upungufu wa madini ya zinki mwilini inawasumbua hawa, mi nilipoteza miezi nikidhani ni upele.

#1 (mleta mada)
Aisee hayo magamba naenda kumwangalia sasa hivi.

Halafu #3 ile ya mikanda miwili nimejaribu leo alfajiri. Dakika ya kwanza kanivuta nikaenda chini kwenye nyasi mzima mzima, karudi, kanilamba sikio, kisha kaanza kunilalamikia kwa nini nimelala. Tumemaliza dakika 25, mi ndo nimechoka. Karudi kalala mpaka saa 4, kiti hakijaguswa.

Swali moja tu mkuu, hiyo kufuli yako ya geti ni ya funguo au ya namba? Jioni hii nimemkuta amekaa mbele ya komeo analitazama tu, kimya.