Nimeambiwa nina UTI mara tatu ndani ya miezi mitano: je, nianze tena sindano?

Mama wa Ipagala

Habari za jioni, ndugu zangu. Nina umri wa miaka 34, naishi Ipagala hapa Dodoma, na tangu Januari nimeambiwa mara tatu kwamba nina UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo. Mara ya kwanza sikuwa na shaka, kwa sababu mkojo uliniunguza na nilikwenda haja ndogo kila baada ya nusu saa. Nilipewa vidonge, nikapona. Mara ya pili na hii ya tatu nilikwenda kituoni kwa ajili ya uchovu na maumivu ya kiuno tu, wala mkojo hauniungui. Mara ya pili nilichomwa sindano siku tano, na jana nimeandikiwa zile zile, ila sijazianza. Cheti cha maabara kinasema seli za usaha ni 8 hadi 10, seli za ngozi ni nyingi, na naitraiti (kemikali inayoashiria bakteria kwenye mkojo) hakuna. Mkojo niliutoa nyumbani alfajiri, nikautia katika kichupa cha dawa ya mtoto nilichokiosha, na ulipokelewa saa tano kwa sababu ya foleni. Je, ugonjwa wangu umekuwa sugu?

Mtu wa Darubini

Dada, mimi ni mtu wa maabara, na kabla ya kuzungumzia usugu ningependa tuutazame huo mkojo wenyewe. Seli za ngozi zikiwa nyingi, maana yake ni kwamba mkojo ulipita juu ya ngozi ya nje na kuzoa vilivyokuwapo, kwa hiyo hata hizo seli za usaha, ambazo kwa kawaida hatutarajii zizidi tano, huenda hazikutoka kwenye kibofu. Kisha kuna suala la saa. Bakteria aina ya E. coli, ambaye ndiye msababishi wa UTI nyingi kuliko wote, akipata joto na chakula huweza kuongezeka maradufu kila baada ya dakika 20 hivi; mkojo uliokaa kwenye mkoba tangu alfajiri hadi saa tano, kwa jua letu hili, hauwezi tena kueleza hali ya kibofu chako. Sisi hutaka uchunguzwe ndani ya saa mbili, au uwekwe kwenye friji. Ningekuwa mimi, sampuli hiyo ningeikataa, hata kama mgonjwa angeninunia.

Omba kikopo safi cha maabara, jisafishe kwa maji kutoka mbele kwenda nyuma, mkojo wa kwanza uache uende, kinga ule wa katikati, kisha ukabidhi papo hapo.

Bibi Zabibu

Mwanangu, kunywa juisi ya ubuyu na maji mengi. Sisi tulipona hivyo.

Tabibu wa Zamu

Maji mengi ni ushauri mzuri, hasa katika mji ambao maji yakikatika watu hunywa kwa kubana, lakini ubuyu hautibu maambukizi ya kibofu.

Dada yangu, UTI hutambuliwa kwanza kwa dalili: kuungua, kwenda haja mara kwa mara, mkojo kubana ghafla, maumivu chini ya kitovu. Mtu asiye na dalili hizo, hata akikutwa na bakteria kwenye mkojo, kwa kawaida hatibiwi, isipokuwa mjamzito au anayekaribia kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Kwa hiyo, rudi kwa daktari kabla ya sindano na uombe mkojo uoteshwe, yaani vimelea vilivyomo vikuzwe maabara. Majibu huchukua siku mbili au tatu, na huonyesha kama kuna kimelea na ni dawa ipi inayomuua. Ni vyema sampuli itolewe kabla ya dawa, kwa kuwa hata dozi moja inaweza kuzuia vimelea kuota. Uchovu nao una sababu zake, hivyo pima wingi wa damu, sukari na ujauzito. Seli za usaha zikiendelea kuonekana bila kimelea kuota, tutafikiria klamidia, kisonono au hata kifua kikuu cha njia ya mkojo.

Ukipata homa yenye kutetemeka, maumivu ya ubavuni au kutapika, usisubiri majibu. Hiyo huweza kuwa figo, na unatakiwa kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Mama wa Ipagala

Shikamoo bibi, ubuyu nitakunywa kwa sababu naupenda. Nanyi wengine nawashukuru. Leo nimerudi kwa daktari, amekubali sindano zisubiri, na mkojo nimeutoa pale pale maabara. Majibu ni Ijumaa. Damu yangu imekutwa iko chini. Yule aliyepokea kikopo aliniuliza ni lini mara ya mwisho nilitumia antibayotiki, swali ambalo katika miezi mitano yote sikuwahi kuulizwa.