Msiandike kuwa hakusoma

Kikundi: Jamaa wa Jomvu na Rabai

*Mimi:* Shikamooni wakubwa. Mwalimu katwambia tuandike historia ya shule ya kwanza ya kwetu. Nimeanza hivi: "Kabla ya wamishonari kufika Rabai mwaka 1846, watu wa huku hawakujua kusoma wala kuandika." Nisaidieni kuendelea, ni ya Jumatatu.

*Shangazi Rabai:* Marahaba mwanangu. Mmishonari Krapf alifika Mombasa 1844, na Julai mwaka huohuo akamzika mkewe Rosine na kitoto chao kichanga. Mwenzake Rebmann akaja 1846, na Agosti wakahamia Rabai. Waliowapata wa kuwafundisha walikuwa wachache mno. Nani amwache mtoto akae darasani na shamba linamngoja?

*Mjomba:* Huo mwanzo ufute, mwanangu. Krapf alipoanza kufasiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili, hapa Mombasa, 1844, aliyemsaidia ni Kadhi. Huyo Kadhi alisomea wapi?

*Mjomba:* Na ziko barua za Kiswahili kutoka Kilwa za mwaka 1711, kwa herufi za Kiarabu. Zimehifadhiwa Goa, India, mpaka leo.

*Mimi:* Lakini mwalimu alisema shule, hakusema chuo cha Kurani.

*Mama Mdogo:* Chuoni kulikuwa na mwalimu, kulikuwa na ada, mtoto akianza na alifu kwenye kibao mpaka ahitimu. Kimepungua nini?

*Mama Mdogo:* Ngojeni. Nyanya kasikia nikisoma, anataka kusema. Naandika kama anavyosema.

*Nyanya (kwa simu ya Mama Mdogo):* Mjukuu wangu, babangu alisoma. Alisoma chuo hapa Jomvu Kuu, kibao chake ninacho. Alikuwa akiuza nazi na makuti, na hesabu zote kaziandika mwenyewe, Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Nani kachukua, nani kalipa, nani kafiwa asidaiwe mwezi huu. Watu wakipata barua wakimletea awasomee, naye akiwajibia. Siku moja, kabla ya uhuru, aliitwa ofisini kutia sahihi karatasi ya shamba. Nami nalikuwa naye, mtoto mdogo. Akashika kalamu aandike jina lake. Karani akamnyang'anya, akamwambia hiyo si sahihi, tia dole gumba. Kisha akaandika pale, hakusoma. Naliona kwa mato yangu. Njia nzima kurudi babangu hakusema neno, na kile kidole alikisugua mchangani mpaka wino ukatoka na ngozi.

*Nyanya (kwa simu ya Mama Mdogo):* Sasa wewe damu yake usiandike hivyo tena.

*Mimi:* Nisamehe Nyanya. Sikujua.

*Shangazi Rabai:* Pole sana mama. Mimi ni mtoto wa misheni, na sikuwahi kulisikia hili. Kweli huo mwanzo haufai.

*Shangazi Rabai:* Lakini ya Rabai nayo usiipitie juu juu, mwanangu, maana shule ile haikujengwa na Wazungu peke yao. Ilikuja kupata nguvu baada ya 1875, makazi ya Frere Town, Mombasa, yalipoanzishwa kwa ajili ya watumwa waliookolewa majahazini. Walimu wengi walikuwa Waafrika waliotekwa utotoni, wakasomeshwa Nashik kule India, wakarudi. William Jones alikuwa mmoja wao, na ndiye aliyeiongoza Rabai. Watumwa waliotoroka mashamba ya pwani wakakimbilia kwake. Mabwana wao walipokuja kuwadai, ikabidi kampuni ya Waingereza iwalipe, 1888, na watu zaidi ya 1,400 wa vituo vya misheni wakapata karatasi za uhuru. Fikiria mtu aliyekuwa akiuzwa, leo ashike karatasi yenye jina lake na aweze kulisoma! Hilo nikilisimulia machozi hunitoka.

*Mjomba:* Hapo sina la kupinga. Wenzetu waliogopa tu watoto wasibadilishwe dini, ndio maana wengi wa Jomvu hawakuvuka mkono wa bahari kwenda kusoma kule. Serikali nayo ilikawia, Arab School ya Mombasa ilifunguliwa 1912. Miaka yote hiyo aliyekuwa akiwasomesha watoto wetu ni nani kama si mwalimu wa chuo?

*Mimi:* Nimeandika upya. "Watoto wa Jomvu walisoma chuoni kabla ya shule ya misheni kufunguliwa Rabai. Baba wa nyanya yangu alikuwa mmoja wa waliosomea chuo, akaandika hesabu na barua za watu. Rabai, baadhi ya waliofundisha walikuwa watu waliowahi kuwa watumwa." Sawa?

*Mama Mdogo:* Nimemsomea. Anasema rudia hapo penye babake.

*Mama Mdogo:* Nimerudia mara tatu.

*Mimi:* Nyanya, naomba nije Jumamosi unioneshe jina lake linavyoandikwa, nilitie kwenye ukurasa wa kwanza.

*Nyanya (kwa simu ya Mama Mdogo):* Njoo mapema, kabla ya jua kali. Kibao ki juu ya kabati, kimefungwa kwa kanga. Asikiteremshe mtu mpaka uje.