Jim Cramer: mchambuzi wa hisa au mchekeshaji?

Mlalahoi Mwekezaji: Wakuu, kuna jamaa kazini kila asubuhi anaturushia alichosema Jim Cramer wa CNBC, ile TV ya Marekani ya habari za biashara, ofisi nzima inakimbilia hisa za Marekani. Si ndiye huyu aliyesema Machi 2008 benki ya uwekezaji ya Bear Stearns iko salama, siku tano mbele ikauzwa dola 2 kwa hisa? Kwa nini bado anasikilizwa?

Dalali Mstaafu: Usikurupuke. Siku ile alikuwa anamjibu mtazamaji aliyeuliza kama atoe pesa zake pale. Cramer alijitetea kwamba alizungumzia akaunti, siyo hisa. Na hiyo dola 2 ilipandishwa ikawa 10, muwe mnamalizia hadithi.

Kipanga: Siku anaropoka hisa ilikuwa zaidi ya dola 60! Kutoka 60 hadi 10 unatutajia kama zawadi. Madalali hamna haya kabisa.

Dalali Mstaafu: Mimi soko la Dar limeanza 1998 nikiwepo. Wewe una hisa ngapi, za wapi?

Binti Kilwa: Kuna wasomi walipima ushauri wa Cramer. Hisa aliyoisifia jioni, kesho yake inafunguka juu, halafu miezi inayofuata inapoa. Anayeinunua asubuhi ndiye anayeliwa. Ila msimcheke sana: 2023 ulianzishwa mfuko wa uwekezaji wa kufanya kinyume cha ushauri wake, na haukutimiza mwaka ukafungwa.

Kipanga: Ninazo za Vodacom, nilinunua kwa shilingi 850 mwaka 2017. Fomu bado iko kabatini. Bei ilipoanza kuporomoka dalali wangu akaniambia "shikilia, mdogo wangu". Nikashikilia!

Dalali Mstaafu: Ulishikiwa mkono usiuze?

Kipanga: Nikinunua mnakula kamisheni, nikiuza mnakula. Bora Cramer, yeye namsikiliza bure.

Mlalahoi Mwekezaji: Jamani, Binti Kilwa kasema jambo la maana hapo juu, mbona hakuna aliyemjibu?

Dalali Mstaafu: Kijana kaniita sina haya, kwanza aombe radhi. Kamisheni ipo kwenye karatasi, na karatasi uliisaini mwenyewe.

Kipanga: Niombe radhi kwa lipi? Rudisha hela kwanza.

Dalali Mstaafu: Nirudishe hela ambayo sikuishika?

Mgeni Sokoni: Shikamooni wakubwa. Samahani, gawio la hizo za Voda linaingia kwenye simu au lazima benki?