Kwa nini ajali moja ya lori huua na nyingine huacha mchubuko tu?

Mkazi wa Kisesa:
Habari za leo, ndugu zangu. Naishi kando ya barabara ya Mwanza–Musoma, na mwaka huu nimeshuhudia ajali mbili ambazo hadi sasa sijazielewa. Ya kwanza, lori lililosheheni pamba lilipinduka kwenye kona karibu na Nyanguge, kichwa chake kikabondeka vibaya, lakini dereva alitoka na mchubuko wa paji la uso tu. Ya pili, gari dogo liliingia nyuma ya tela lililoharibikiwa na kuachwa barabarani usiku. Tulipofika, taa za gari hilo zilikuwa bado zinawaka chini ya tela, na dereva alikwisha kufariki. Ni nini hasa kinachoamua ukubwa wa majeraha?

Fundi wa Igoma:
Pole sana, ndugu yangu, kwa uliyoyaona. Jibu la ajali ya pili limo katika taa hizo zilizobaki zinawaka. Sehemu ya mbele ya gari dogo imeundwa ikunjamane na kumeza kishindo kabla hakijawafikia waliomo, lakini bodi ya tela hukaa juu, karibu na usawa wa kioo, hivyo boneti hupita chini bila kugonga kitu na kishindo chote hupokelewa na kichwa na kifua cha dereva. Ndiyo maana matela hufungwa chuma cha kukinga nyuma, ambacho kwa kawaida hakitakiwi kuzidi sentimita 55 kutoka ardhini. Nimekwisha kupokea gereji matela ambayo chuma hicho kimeshikiliwa kwa waya, na jambo hilo hunisikitisha kila mara.

Uzito nao una hukumu yake. Lori la tani 40 likigongana uso kwa uso na gari la tani 1.5, kila moja likiwa katika mwendo wa kilomita 60 kwa saa, lori hupoteza kama kilomita 4 tu za mwendo wake, ilhali gari dogo husimamishwa na kurudishwa nyuma, badiliko la kilomita zipatazo 116 kwa mara moja.

Dereva wa masafa:
Naongezea mwendo, kwa kuwa nguvu ya kishindo hukua kwa mraba wake: kutoka 60 hadi 80, ambao ndio ukomo wa malori yetu, huongezeka kwa zaidi ya robo tatu. Kuhusu tela lile, matawi ya miti tunayotupa barabarani hayaonekani usiku mpaka umeyafikia. Reflekta safi na pembetatu iliyowekwa mbali humpa mwenzako nafasi ya kukanyaga breki, na hata asipowahi kusimama, atagonga kwa mwendo mdogo. Je, dereva wa pamba alikuwa amefunga mkanda? Lori likipinduka, asiyefunga hurushwa nje na kulaliwa na gari lake mwenyewe.

Mkazi wa Kisesa:
Nawashukuru sana. Nimemfuata dereva huyo kwa shemeji yake, hapa hapa Kisesa. Alikuwa amefunga, na waliomtoa walilazimika kuukata mkanda kwa panga. Utingo wake, ambaye sikumwona siku ile, alikuwa amelala kwenye kitanda cha nyuma ya kiti bila kufungwa chochote. Amevunjika nyonga na bado amelazwa Bugando.