Naombeni mnishike: eti "mpe huyo dogo kashata anyamaze", kisa nimeuliza singo ni kitu gani!

Kalamu Butu (mleta uzi)

Wakuu heshima kwenu. Naandika nikiwa kituo cha mwendokasi Magomeni Mapipa, mikono inatetemeka, mabasi mawili yamenipita na sijapanda hata moja, maana nikipanda na hasira hizi naweza kumng'ata mtu asiyehusika.

Simtaji. Kila mtu anamjua. Yule yule wa kijiwe cha kahawa, mwenye sauti ya mtangazaji ambaye hajawahi kutangaza hata msiba. Ndiye aliyetuhakikishia Jangwani haijai maji tena, asubuhi yake tukavuka tumebeba viatu kichwani. Umeshamjua.

Sasa leo baada ya isha nimekaa zangu kwenye benchi, nanywa kahawa, simchokozi mtu. Mheshimiwa kashika simu anawasomea watu: rapa Drake ameingiza nyimbo zaidi ya 300 kwenye Hot 100, ile chati ya nyimbo mia zinazoongoza ya jarida la Billboard kule Marekani, Elvis Presley wa rock and roll ya zamani kaishia mia na ushee. "Kwa hiyo huyo Elvis alikuwa wa kawaida tu. Namba hazina ndugu." Kijiwe kizima kinatikisa vichwa kama mbuzi wa Vingunguti.

Mimi kwa adabu zangu zote, na mniamini nilianza na "samahani kaka", nikauliza swali moja: hiyo singo tunayoihesabu ni kitu gani? Maana enzi za Elvis mtu alitoka kwake, akaenda dukani, akatoa hela, akarudi na santuri ya inchi saba, wimbo huu upande A na ule upande B. Drake mwaka 2018 kaachia albamu ya nyimbo 25 na zote 25 zikaingia kwenye chati. Nani alinunua singo 25? Siku hizi kusikiliza mtandaoni nako kunahesabiwa: watu walibonyeza albamu wakaenda kuoga, simu ikaendelea yenyewe.

Sikumaliza. Narudia, SIKUMALIZA. Akamgeukia muuza kahawa, mimi hata kuniangalia hakuniangalia, akasema: "Mpe huyo dogo kashata anyamaze. Andika kwangu."

Andika kwangu!

Wakuu, nina miaka 34. Nina watoto wawili na kipara kinaanza. Dogo gani ana kipara?

Watu hawakucheka, walilipuka. Mzee mmoja kahawa ilimtokea puani. Mwenye nyumba wangu, ambaye juzi tu nimemwomba anivumilie wiki mbili, alicheka mpaka akavua kofia akajipepea. Na muuza kahawa, ambaye miaka minne namuungisha mvua na jua, nilijua angalau yeye atasita. Wapi! Kaichagua kashata, kaifunga kwenye kipande cha gazeti, kaniletea mkononi. Kwa mkono wa kulia, mwingine kaushika kiwiko, heshima tupu. Ile heshima ndiyo iliyonimaliza.

Tena ya karanga. Wala si ya nazi.

Hoja nilikuwa nazo nyingi. Hot 100 yenyewe imeanza Agosti 1958, wakati Elvis alishaanza kuwatoa watu akili tangu 1956. Ni sawa na kufungua daftari la madeni saa kumi jioni halafu useme asubuhi hakuna aliyekopa. Hilo lilikuwa limefika kwenye ulimi kabisa. Sasa utalisemaje ukiwa na kashata mkononi? Jaribuni nyumbani. Shika kashata, halafu jenga hoja uone.

"Andika kwangu." Mia mbili yake! Huyu mtu akomeshwe.

Nawasilisha.

Jirani Mbaya

Uliila?

Chapati ya Maji

Hilo ndilo swali la msingi. Mleta uzi, uliila au hukuila?

Kalamu Butu

Hilo si suala. Suala ni kudhalilishwa mbele ya mwenye nyumba.

Jirani Mbaya

Ameila.

Konda Mstaafu

Mimi namuunga mkono jamaa mia kwa mia, na nadhani namjua. Rekodi ni rekodi. Mtu akishindwa anaanza kuuliza maana ya maneno. Leo singo ni nini, kesho goli ni nini, keshokutwa utatuuliza nauli ni nini na kituo kimeshapita.

Sikio la Kufa

Mnamgombania Elvis na Drake kana kwamba wa kwanza kumpita alikuwa Drake. Aliyempita Elvis kwa idadi ya nyimbo kwenye Hot 100 ni waigizaji wa tamthilia ya Glee, mwaka 2011. Wanafunzi wa kuigiza! Kila wiki kipindi kikirushwa wanaimba nyimbo za watu, mashabiki wanazipakua usiku ule ule, wiki inayofuata zimo kwenye chati, wiki ya pili hazipo. Zikija mia hivi, tayari "rekodi". Kamuulize huyo mtangazaji wako kama na wao ni wakubwa kuliko Elvis. Ila nenda umeshiba, usije ukapewa nyingine.

Kalamu Butu

Sikio la Kufa, ungekuwepo pale! Hii ya Glee sikuikumbuka kabisa. Unajua kwa nini? Kashata. Damu yote ilikuwa imehamia kwenye mkono wenye kashata.

Chapati ya Maji

Kwa hiyo uliishika muda mrefu.

Binti Tandika

Mleta uzi una hoja, ila umeileta kwa povu. Ngoja nikusaidie. Hata hao Billboard wenyewe wamebadilisha maana ya singo mara kadhaa. Hadi Desemba 1998 wimbo ambao haujatolewa kuuzwa kama singo haukuruhusiwa kuingia Hot 100, hata upigwe redioni mpaka redio ipate homa. Kampuni zikawa zinaunyima wimbo singo makusudi ili ununue albamu nzima. Ndiyo maana Don't Speak ya bendi ya No Doubt ilikaa wiki 16 namba moja kwenye chati ya redio na Hot 100 haikuonekana hata siku moja. Ule wimbo wa Krismasi wa Mariah Carey nao, umetoka 1994 bila singo ya kuuza Marekani, umekuja kuwa namba moja Desemba 2019. Miaka 25! Wimbo ni ule ule, sauti ile ile, kilichobadilika ni mhesabuji.

Halafu mtu anakwambia namba hazina ndugu. Namba zina ukoo mzima.

Konda Mstaafu

Dada umeandika vizuri, lakini wote walicheza kwa sheria za siku yao. Beatles tarehe 4 Aprili 1964 walishika namba moja mpaka tano wiki moja. Mbona hapo hamlalamiki?

Binti Tandika

Kwa sababu zile zilikuwa santuri tano, na kila moja mtu alitoa hela yake. Taylor Swift mwaka 2022 kashika kumi bora nzima kwa albamu moja. Simchukii, nampenda mno. Lakini usiniambie kumi ni mara mbili ya tano. Waingereza waliliona hilo: Machi 2017 Ed Sheeran aliingiza nyimbo 16 kwenye ishirini bora, mwaka huo huo wakaweka sheria kwamba msanii mkuu asizidishe nyimbo tatu kwenye chati. Sasa rekodi ya Ed nani ataivunja? Mlango umefungwa akiwa ndani.

Bando Limeisha

Hao Waingereza 2014 walisema ukisikiliza wimbo mtandaoni mara 100 ni sawa na kununua singo moja. 2017 wakapandisha ikawa 150. Kwa hesabu hiyo ya 2017, mimi hapa Mbagala nilisikiliza wimbo mara 150 nikawa nimenunua singo moja, bando la mwezi likaisha, na mke akaondoka.

Jirani Mbaya

Mke kaondoka kwa sababu ya wimbo gani?

Bando Limeisha

Tuliache.

Mzee wa Santuri

Vijana, shikamooni hamjaniamkia lakini naitika: marahaba.

Mnagombana kwa sababu neno moja mmelipa kazi mbili, rekodi ya kupigwa na rekodi ya kuvunjwa. Sisi tulisema santuri na hapakuwa na utata. Santuri ukiivunja umeivunja, unailipa.

Lile la binti kuhusu 1998 limenigusa. Bendi zetu hapa Dar zilikuwa zinaenda kurekodi Radio Tanzania, pale Barabara ya Pugu, kwenye kanda za redio. Nyimbo nyingi hazikutoka hata siku moja kuwa santuri ya kuuza, na aliyetaka santuri ya maana alipanda basi kwenda Nairobi ambako ndiko zilikokuwa zinachapwa. Wimbo unaimbwa na nchi nzima, kuanzia Kigoma mpaka Mtwara, na dukani huupati. Kwa sheria ile ya Wamarekani, Sikinde isingeingia kwenye chati hata kwa bahati mbaya. Namba sifuri! Na mtu anayesoma simu kijiweni angewaambia Sikinde walikuwa wa kawaida tu.

Konda Mstaafu

Mzee umesema Sikinde tu. Msondo je?

Mzee wa Santuri

Nimetoa mfano.

Konda Mstaafu

Hapana mzee, umechagua. Msondo wapo tangu NUTA Jazz, 1964. Sikinde 1978. Miaka 14 mbele.

Mzee wa Santuri

NUTA, halafu JUWATA, halafu OTTU, halafu Msondo. Unahesabu bendi moja au nne? Mjukuu wangu, hapo ndipo umeingia kwenye uzi wenyewe bila kujua.

Sikio la Kufa

Ukianza hivyo tutafika pabaya. Ubingwa wa soka wa 1965 na 1966 ulichukuliwa na Sunderland, jina la Simba la wakati ule. Ni wa Simba au si wa Simba?

Konda Mstaafu

Ni wa Sunderland. Kawaulizeni wenyewe walipo.

Sikio la Kufa

Kwa hiyo JUWATA si Msondo.

Konda Mstaafu

Hayo ni mambo mawili tofauti kabisa!

Kalamu Butu

Jamani turudi kwenye mada. Mtu mzima ameambiwa "mpe huyo dogo kashata anyamaze". Hakuna hata mmoja anayeliona hilo? Na "andika kwangu"? Mimi ningeweza kulipa mia mbili yangu mwenyewe!

Mama Kibarazani

Kaka pole, ila mimi nimeishia pale kwa mwenye nyumba. Wa kwako anacheka tu, mshukuru Mungu. Wa kwangu mita ya umeme moja vyumba sita, kila mwisho wa mwezi anagawa kwa vichwa, na mtoto wangu wa miezi minne anahesabiwa kichwa. Nimemuuliza mtoto mchanga anapiga pasi nini. Kaniambia feni inampepea na yeye.

Binti Tandika

Dada huyo ndiye Billboard mwenyewe. Mhesabuji ndiye anayeamua kichwa ni nini.

Mama Kibarazani

Huyo Billboard kama ana chumba na sebule Tabata nitahamia leo leo.

Chupa Tupu

Nimechelewa kuuona huu uzi. Wakuu, mimi nilikuwepo. Nilikaa benchi la pili, karibu na mti.

Mengi aliyosema mleta uzi ni kweli. "Samahani kaka" aliisema. Kahawa ilimtokea mzee puani, kweli, mzee huyo ni mimi. Ila kuna kipande amekiruka. Alipopewa kashata aliinuka kama anataka kuitupa. Akaiangalia. Akakaa. Akaila yote, polepole, huku kaikunjia uso barabara. Halafu akamuuliza muuza kahawa kama ya nazi ipo.

Jirani Mbaya

MUNGU WANGU.

Chapati ya Maji

Ndiyo maana kule juu kasema "wala si ya nazi"! Nilijua lile si lalamiko, ni oda.

Kalamu Butu

Niliuliza tu. Kuuliza si kuagiza.

Chupa Tupu

Na ya nazi nayo iliandikwa kwa jamaa.

Kalamu Butu

Kwa sababu yeye alishasema andika kwangu! Hakutaja ni ngapi!

Sikio la Kufa

Kwa hiyo ziko mbili. Au tuseme upande A karanga, upande B nazi, ihesabiwe moja?

Mzee wa Santuri

Inategemea kama zilifungwa gazeti moja.

Bando Limeisha

Kwani jamani kashata za nazi nzuri mjini bado zipo? Zile za rangi ya pinki, si hizi za sukari tupu zinazovunja meno.

Mama Kibarazani

Mimi natengeneza, niko Buguruni. Za nazi na za karanga. Kwa jumla naanzia hamsini.

Kalamu Butu

Uzi ni wa muziki huu!

Mama Kibarazani

Kaka wewe nitakupunguzia.

Konda Mstaafu

Mzee wa Santuri sijamalizana na wewe. JUWATA ni Msondo.

Mzee wa Santuri

Na Sunderland?

Konda Mstaafu

Mzee, nakuheshimu sana, usinifikishe huko.

Bando Limeisha

Mama Kibarazani, Mbagala unaleta? Nataka ishirini, kumi kumi.