Wageni wanakuja kikao kimoja, hawarudi tena. Tunakosea wapi?

Mwanzisha mada

Bwana asifiwe wapendwa. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama wa kanisa letu cha kupinga ulevi, huu ni mwaka wangu wa 6. Tunakutana Jumamosi ya pili ya kila mwezi. Tulianza tukiwa 22, kikao kilichopita tulikuwa 9, na ni wale wale. Tunaimba, tunasali, nasoma kumbukumbu za kikao kilichopita, mweka hazina anatoa taarifa yake, mmoja anatoa somo la madhara ya pombe, kisha wageni wanaitwa mbele kutia sahihi ahadi ya kutokunywa. Daftari la ahadi ninalitunza mimi.

Mwezi uliopita alikuja dada mmoja mgeni, akakaa kiti cha karibu na mlango. Somo lilikuwa la ini. Alipoitwa mbele alishika kalamu, akaandika herufi tatu za jina lake, kisha akaiweka chini. Akaniambia kwa sauti ndogo, "Mama, mimi sinywi. Anayekunywa ni mume wangu." Akatoka kabla ya sala ya kufunga.

Zile herufi tatu bado zimo daftarini. Kila nikilifungua zinanichoma. Amekuja na mzigo wake, sisi tumempa somo la ini.

Mwenyekiti wetu anasema tukiondoa ahadi tutakuwa kikundi kama vikundi vingine vyote. Ninyi mnaonaje?

Jibu la 1

Mama katibu, pole. Huyo dada wa mlangoni ndiye kazi hii ilianzishwa kwa ajili yake.

Angalia ilikoanzia. Desemba 1873, pale Hillsboro, jimbo la Ohio, Marekani, Eliza Thompson na wenzake walisoma Zaburi ya 146 kanisani, wakatoka wakiimba hadi kwenye maduka na baa zilizouza pombe, wakapiga magoti kuwaomba wenyewe waache kuuza. Mwaka uliofuata, 1874, wanawake wakakutana Cleveland wakaunda Umoja wa Wanawake Wakristo wa Kupinga Ulevi. Wengi hawakuwa walevi hata kidogo. Walikuwa wake, mama na dada za walevi. Mume akimalizia mshahara baa, mke hakuwa na kura, na mara nyingi sheria haikumpa pa kushika. Isome Zaburi hiyo polepole, utamkuta yatima na mjane mle ndani.

Frances Willard aliyeongoza chama hicho tangu 1879 hadi alipofariki 1898 aliwahimiza wanawake wafanye kila kitu: kutembelea wafungwa, kufungua shule za watoto wadogo, kudai kura, kuweka mabomba ya maji ya kunywa mitaani ili mwenye kiu asilazimike kuingia baa. Kila kazi ilikuwa na idara na msimamizi wake. New Zealand, Kate Sheppard wa chama hicho hicho aliongoza harakati za kura, na mwaka 1893 wanawake wakaipata.

Kwenu wale 9, nani ana kazi kati ya kikao na kikao? Nionavyo mimi, tatizo lenu limelala hapo. Mtu anayekuja kusikiliza tu atachoka. Ahadi ibaki, ila msimpe mgeni kalamu siku ya kwanza.

Jibu la 2

Nimeishi na mume mlevi miaka 11. Ningeitwa mbele siku ile, ningefanya kama huyo dada. Aibu ya nyumbani huisemi mbele ya watu usiowajua.

Mkiweza, nusu saa ya mwisho iwe ya wenye walevi nyumbani, bila daftari, bila kumbukumbu, na linalosemwa lisitoke nje. Al-Anon wanakutana hivyo tangu 1951, ni wa ndugu na wenzi wa walevi. Mimi nilichopata kule ni kuacha kumfichia: kumpigia bosi wake kwamba anaumwa, kulipa madeni yake.

Na jambo hili msilipuuze. Mtu aliyekunywa sana kila siku kwa muda mrefu msimhimize akate ghafla peke yake kwa sababu ametia sahihi. Siku 2 au 3 za mwanzo anaweza kutetemeka, kuona vitu visivyokuwepo, hata kuanguka kama mwenye kifafa, na wengine hufa. Aonane na daktari kwanza.

Jibu la 3

Naomba nami niseme, ingawa ni mwanamume. Mimi ahadi iliniokoa. Nilitia sahihi mbele ya mama yangu na kanisa zima, na kila nilipopita baa nilikuwa naiona ile karatasi. Msiifiche kabisa.

Mwanzisha mada

Nimesoma yote, na jibu la pili nimelisoma mara mbili. Ndugu wa jibu la tatu, Mungu akutunze, ahadi haiendi popote. Nimeongea na mwenyekiti. Amekubali nusu saa ile, na amekubali ahadi iwe ya anayeiomba mwenyewe. Mweka hazina amejitolea kutafuta muuguzi wa kuja kuzungumza nasi juu ya hiyo hatari ya kukata ghafla, maana hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anaijua.

Anapoishi yule dada nimeshaulizia. Kesho jioni nakwenda, daftari naliacha nyumbani.