Spinoza: kila kitu hujitahidi kudumu, basi mshumaa?

Mwanagenzi: Kwenye Ethica, kitabu cha mwanafalsafa Spinoza, sehemu ya 3, kauli ya 4 inasema kitu hakiangamizwi ila na sababu ya nje. Ya 6 inasema kila kitu, kwa kadiri kilivyo chenyewe, hujitahidi kudumu. Mshumaa je, si unajimaliza wenyewe? Na anayejiua? Halafu kauli ya 6 inatokaje kwenye ya 4? Kutojiangamiza si kujitahidi.

Kalamu: Mshumaa si tatizo. Hapo "nje" maana yake ni nje ya fasili ya kitu, na fasili ya nta na utambi haina moto wa kiberiti wala oksijeni. Wengi hukwama kwa kudhani ni nje ya umbo.

Kuhusu mtu, soma maelezo ya kauli ya 20, sehemu ya 4. Anataja hali tatu: mkono wenye upanga unapindwa na mwingine, Seneca, mwanafalsafa wa Roma, anakata mishipa kwa amri ya dhalimu, akichagua baya lililo dogo, au sababu zilizofichika zinavuruga fikra na kuugeuza mwili uwe na asili nyingine, kinyume na ya kwanza. Hiyo ya tatu naiona dhaifu. Kila mfano ukiuleta, utaambiwa "sababu ni ya nje", na hapo kauli haipimiki tena.

Bahari_Kuu: Kuhusu kauli ya 6, usiishie kwenye ya 4. Uthibitisho wake unaanzia sehemu ya 1 (tokeo la kauli ya 25, na kauli ya 34): vitu vyote ni namna za kuonyesha uweza wa Mungu. Nguvu inatoka huko. 4 na 5 zinaipa mwelekeo tu. Ukiisoma sehemu ya 3 peke yake, lazima uone pengo.

Penye ufa hasa ni kauli ya 5: vitu viwezavyo kuangamizana haviwezi kuwa pamoja ndani ya kitu kimoja. Kutopatana kwa fasili mbili ni jambo la mantiki. Kitu kimoja kukisukuma kingine ni jambo la nguvu. Spinoza anavuka kutoka la kwanza hadi la pili bila kusimama.

Linganisha na mwanafalsafa Descartes, kitabu chake Principia cha 1644, sehemu ya 2, kifungu cha 37: "kwa kadiri kilivyo chenyewe" imo vilevile, ila kwake kitu hubaki katika hali ileile, na anayekidumisha ni Mungu. Spinoza anasema, katika kauli ya 7 ya sehemu ya 3, juhudi hiyo ndiyo kiini cha kitu.

Mwanagenzi: Basi Spinoza si anarudia tu ya mwanafalsafa Hobbes?

Kalamu: Hapana. Kwa Hobbes hofu ya kifo ndiyo inayotusukuma kutafuta amani. Spinoza, sehemu ya 4, kauli ya 67: mtu huru hakuna anachokiwaza kidogo kuliko kifo.